Mwenye Kukishika Ameiva

Nchi yenyewe sitaitaja. Msomaji akihisi kwamba anaitambua, ajue amekosea, kwa sababu nchi anayoifikiria yeye inaongozwa vizuri, na hii ninayoisimulia iliongozwa vizuri kupita kiasi.

Nchi hiyo ilikuwa na Jiji moja tu. Kila mtu alitaka kuhamia huko na karibu hakuna aliyeweza kumudu. Chumba kimoja kilipangishwa kwa watu watatu, na dirisha lake kwa mtu wa nne. Serikali ilipoona wananchi wanafika Jijini wakiwa wabichi, wanasalimia watu wasiowajua na kuzimia wakitajiwa bei ya nyanya, ikatunga Sheria ya Utayari. Ilikuwa sheria fupi. Ilisema kwamba hakuna mtu atakayeishi katika jiji lolote la nchi hii bila Cheti cha Utayari, isipokuwa wale ambao tayari walikuwa wakiishi jijini siku ile sheria ilipotiwa saini. Watumishi wa serikali wao wangeingia kwa barua ya uhamisho iliyogongwa mhuri na Afisa Utayari. Bunge liliipitisha kabla ya chai.

Mshamu Kingwaba hakuwa na haja yoyote na Jiji. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, kazi yake kutengeneza vyerehani vilivyoharibika, na aliishi Kwamtei, mji mdogo ulioko mwendo wa siku moja na nusu kwa basi kutoka Jijini. Nyumba ya vyumba vitatu aliachiwa na baba yake. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kutoka mlangoni, na mara nyingi alivuka na kikombe chake cha chai bila kumwaga.

Tabu yake ilikuwa mke. Somoe alikuwa mkunga wa hospitali ya Kwamtei, na nusu ya watoto wa mji ule walipokelewa na mikono yake. Serikali ya nchi ile ilikuwa na desturi ya kumtafuta mtu hodari na kumwondoa mahali anapohitajika, basi ikampelekea Somoe barua ya kumpongeza na kumhamishia Jijini, yote kwa ukurasa mmoja. Aliondoka kwa basi la Jumamosi. Mshamu alibaki na sufuria zote na hakujua kupikia hata nusu yake.

Huko Jijini Somoe alipata kitanda. Nasema kitanda na si chumba, na chenyewe kilikuwa cha zamu: yeye alikilalia mchana, muuguzi mwingine alikilalia usiku, na shuka haikuwahi kupoa. Miezi mitano ilipopita akampigia simu mumewe, akamwambia hawezi tena kukaa peke yake, na kwamba amezungumza na yule mwenzake, naye amekubali kusogea kidogo.

"Ila baba Tatu, ukija, usije na mizigo," akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa mbali. "Na ikiwezekana, njoo mwembamba."

Asubuhi yake Mshamu alivaa shati la Idi, akaenda Ofisi ya Utayari.

Afisa Utayari wa Wilaya ya Kwamtei aliitwa Bwana Athanasi Mkologo. Alikuwa mrefu, amevaa sweta juani, na tai yake ilikuwa juu ya sweta ili wananchi waione. Mshamu alipiga hodi, akaingia, akatoa shikamoo, akauliza habari za nyumbani na za watoto, akasubiri kuambiwa akae. Bwana Mkologo hakujibu lolote. Alikuwa anaandika. Alipomaliza akavua miwani.

"Ndugu mwombaji," akasema, "Jiji halimkatai mtu. Jiji humsubiri mtu aive. Wewe hapo ulipo ni mbichi. Umepiga hodi kwenye mlango ulio wazi. Umeniamkia. Umeuliza hali ya watoto ambao hawakuhusu. Mpaka hapa, kama tungekuwa Jijini, ungekuwa umeshaibiwa mara mbili."

Mshamu alieleza kwa upole kwamba watoto anawajua, maana mama yao ana cherehani ambacho yeye hukitia mafuta kila mwezi. Hilo nalo likaandikwa.

Akaelezwa utaratibu. Angefanya Mafunzo ya Utayari kwa siku tisini, hapo hapo Kwamtei, nyumbani kwake, kwa gharama zake. Angeishi kila siku kama mtu aliyekwisha kuhama. Mwisho angefanyiwa mtihani. Akifaulu angekuwa mhitimu wa kwanza nchini, kwa sababu ofisi nyingine zote bado zilikuwa zinasubiri viti. Ofisi ya Kwamtei ilikuwa imeletewa viti mia tano vya plastiki kwa makosa, na ndiyo maana ilisifiwa kuwa ofisi ya mfano.

Mafunzo yalianza kwa kutafuta nyumba. Ofisi ilimpa dalali wa mazoezi, kijana mmoja mwenye simu tatu, akamzungusha Mshamu mji mzima tangu asubuhi hadi adhuhuri na kumlipisha ada ya kuonyeshwa kila nyumba waliyosimama mbele yake, pamoja na zile walizopita tu. Mwisho wakafika kwenye nyumba ya Mshamu mwenyewe. Dalali akaisifu sana. Akasema ina utulivu, ipo karibu na kazini, na watu wanne wanaitaka leo leo, kwa hiyo atoe uamuzi hapo hapo. Mshamu akajikuta anaingiwa na wasiwasi kwamba ataikosa.

Alipewa robo ya sebule. Mafundi wa Ofisi walichora mstari wa chokaa sakafuni, wakatundika pazia, na vyumba vingine vyote pamoja na jiko wakavifunga na kuvipiga lakiri nyekundu ya serikali. Baadaye wakaletwa wanamafunzo wengine kutoka vijijini wakajaza zile robo tatu, na Mshamu akakatazwa kuwajua majina.

Ilibaki kumpata mwenye nyumba. Ofisi ilimteua jirani yake, Bi Chausiku, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua kwenye baraza lake. Alivishwa kofia yenye maandishi MWENYE NYUMBA na kukabidhiwa funguo. Siku ya kwanza alikuja kudai kodi ya miezi sita akiwa na sahani ya vitumbua, amefunika na kawa, akasimama mlangoni anasokota pindo la kanga.

"Jirani, wameniambia nikufokee," akasema. "Sasa sijui nianzie wapi. Kwanza kula, vitapoa."

Bwana Mkologo, aliyekuwa nyuma yake na daftari, alimwandikia onyo. Wiki iliyofuata Bi Chausiku alikuja bila sahani. Wiki ya tatu alikata maji, akarudi baada ya robo saa kuyafungulia na kuomba radhi. Wiki ya nne aliyakata akaenda msibani. Kufika mwezi wa pili alikuwa amejua kubisha mlango kwa funguo, na aliposema "mimi hapa si mama yako" sauti haikumtetemeka hata kidogo. Mshamu alimtazama akienda zake chini ya ile kofia, akakumbuka kwamba Somoe ndiye aliyemzalisha watoto wake wanne, akafunga pazia.

Nisije nikasahau viti. Sheria ilitaka mwombaji azoee foleni, na Kwamtei haikuwa na foleni. Ilikuwa na magari sita na mawili kati ya hayo yalikuwa mabovu. Bwana Mkologo akaitatua shida hiyo kwa akili yake mwenyewe. Kila siku saa kumi alfajiri wanamafunzo walitoka majumbani, wakakaa kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa katikati ya barabara kuu, mistari minne, wote wakitazama upande mmoja. Kila baada ya dakika tano Afisa alipuliza filimbi, wakasimama, wakasogeza viti hatua moja mbele, wakakaa tena. Mshamu, ambaye karakana yake ilikuwa hatua arobaini, alizungushwa kwanza kwa miguu kupitia sokoni, hospitali na uwanja wa mpira, kisha akawekwa kwenye foleni, akafika kazini saa mbili asubuhi na mgongo umemkauka. Jioni alirudi kwa njia ile ile.

Alipomsimulia Somoe kwenye simu, mkewe, ambaye usiku ule hakuwa na zamu, alicheka mpaka yule mwenzake wa kitanda akaamka. Halafu akamwuliza, kati ya siku tisini, zimebaki ngapi. Mshamu akamwambia arobaini na moja. Hapo Somoe akajua kwamba mumewe naye anazihesabu.

Watu waliendelea kumiminika Kwamtei kutoka wilaya zote kuja kuiva, maana hakukuwa na ofisi nyingine yenye viti. Wanamafunzo wakafika mia tatu. Wakatokea wauza karanga wa kupita kati ya viti, kisha wauza maji, kisha wauza vioo, nyembe na nyaya za kuchajia simu. Nyanya iliyouzwa kwa fungu ikaanza kuuzwa moja moja, na mwishowe ikauzwa kwa vipande. Mzee mmoja aliyekuwa na banda la kuku alilipiga deki, akaliita chumba cha kujitegemea na kulipangisha kwa wanamafunzo wawili. Mama wa nyumba waliokuwa wakiazimana chumvi wakaacha kuazimana. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kila mtu alikuwa anasaidia mafunzo.

Siku ya tisini ikafika, na ndiyo ilikuwa siku ya mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa mmoja: mwombaji apite katikati ya soko la Kwamtei, kuanzia machinjioni hadi kwa wauza vyungu, bila kumsalimia mtu, bila kuitikia salamu, bila kutabasamu wala kupunguza mwendo. Bwana Mkologo angemfuata kwa nyuma na daftari.

Mshamu hakulala vizuri. Alikuwa amezaliwa mita mia mbili kutoka soko lile. Hakukuwa na meza ambayo mwenye nayo Mshamu hakuwahi kumtengenezea kitu au kula naye futari. Alijua kwamba Kombo, mchinjaji, ambaye walitahiriwa siku moja, angemwita kwa lile jina la utani la utotoni ambalo siwezi kuliandika hapa, na yeye angecheka, na mke angebaki Jijini.

Akaingia. Kombo alikuwa akinoa visu. Alipomwona Mshamu aliinamisha kichwa, akampa mgongo, akaendelea kunoa kisu ambacho kilikuwa kimeshakatika ncha. Muuza ndizi akageukia ukuta. Wauza dagaa, watano, waliinuka kwa pamoja na kuanza kupanga vitu chini ya meza. Mama mmoja alimziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Mbele yake Mshamu aliona migongo tu, ya kanga, ya mashati, ya kanzu, safu mbili kushoto na kulia, na soko zima likawa kimya hadi akasikia viatu vyake. Walikuwa wameambizana tangu jana. Mji mzima ulimnyima salamu ili aende kwa mke wake.

Alitembea kama alivyofundishwa. Machozi yalimtoka lakini hayakuwamo kwenye orodha ya makosa. Kwa wauza vyungu alisimama Bi Chausiku amejifunika uso kwa kanga, na kofia juu yake, na Mshamu hakuweza kujua kama alikuwa anamsaidia kama wenzake au hakumwona tu wa maana.

Bwana Mkologo alimpa alama mia.

Kumkabidhi cheti mhitimu wa kwanza wa taifa lilikuwa jambo kubwa, na Waziri wa Miji na Matumaini alikuja mwenyewe. Msafara wake ulifika saa tatu asubuhi, wakati wa viti, maana kwa wingi wa watu foleni sasa haikuisha kabla ya adhuhuri. Hakuna mstari uliompisha, kwa sababu filimbi ilikuwa haijapulizwa. Waziri alikaa ndani ya gari barabarani kwa saa tatu akisogea hatua moja kila dakika tano. Aliuziwa karanga, kioo na nyaya mbili za simu. Alipofika jukwaani, shati limemganda mwilini, wananchi walidhani atafoka. Badala yake uso wake uling'aa.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimekaa kwenye foleni saa tatu. Nimenunua kitu nisichokihitaji kwa bei nisiyoiamini. Nimeuliza kodi ya chumba, nikaomba maji ya kunywa, na aliyeniuzia maji hayo hakunitazama usoni. Nani anawadanganya kwamba huu ni mji mdogo? Kuanzia sasa hivi, saa saba na dakika kumi, Kwamtei ni jiji."

Watu walishangilia, ngoma zikapigwa, wanawake wakapiga vigelegele. Waziri akamkabidhi Mshamu cheti chake. Kilikuwa kadi nzuri, nene, yenye nembo na saini ya Bwana Mkologo. Jina hakikuwa nalo, kwa kuwa mashine ya kuchapa majina ilikuwa haijaletwa. Kiliandikwa tu: MWENYE KUKISHIKA AMEIVA.

Hapo katibu wa Waziri akamnong'oneza bosi wake jambo. Waziri alikuwa mtu wa kuheshimu sheria, hasa zile fupi. Akarudi kwenye kipaza sauti, akauliza kwa upole ni wakazi gani wa jiji hili wana Cheti cha Utayari, wainue mikono. Ukainuka mkono mmoja. Mshamu aliuinua kwa furaha, alidhani ni sehemu ya sherehe.

Basi wengine wote walikuwa wanaishi jijini kinyume cha sheria, tangu saa saba na dakika kumi. Msamaha wa wakazi wa zamani haukuwahusu, kwani siku ile sheria ilipotiwa saini Kwamtei haikuwa jiji. Walipewa siku mbili kutoka. Walitoka na magodoro, masufuria, kuku, meza za soko na wagonjwa wa hospitali, wakapiga kambi nje ya jiwe la mpaka, kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Wanamafunzo mia tatu walitoka. Polisi walitoka, wakafunga kamba na kuilinda kwa nje. Wa mwisho kutoka alikuwa Bwana Mkologo na sweta lake. Ilibainika kwamba Afisa naye hakuwa na cheti. Aliomba mwaka wa kwanza wa sheria, na ombi lake lilikuwa mezani kwa Afisa Utayari wa Wilaya, yaani yeye, naye alikuwa bado hajajiridhisha.

Mshamu akawa mkazi pekee halali wa Jiji la Kwamtei.

Alimpigia mkewe simu amweleze kwamba anakuja na basi la Jumamosi. Somoe akamkatiza. Serikali ilikuwa imemteua kuwa mkunga mkuu wa hospitali ya jiji jipya. Barua anayo mkononi. Jumamosi ya pili angefika yeye. Asitoke. Amsubiri hapo hapo nyumbani.

Akasubiri siku tisa. Angeweza kubandua lakiri na kuingia chumbani kwake, akalala kitandani kwake. Hakubandua. Alilala kwenye robo yake nyuma ya pazia. Saa kumi alfajiri macho yalifunguka yenyewe, akatoka, akakaa kwenye kiti chake katikati ya barabara tupu. Filimbi haikuwepo. Alikadiria dakika tano, akasimama, akasogeza kiti hatua moja, akakaa. Asubuhi ya saba mbuzi mmoja aliyesahaulika alikuja kutoka upande wa sokoni, akasimama mbele yake, akamtazama. Mshamu akageuza uso haraka. Alipofahamu alichokifanya aliogopa, akainuka kumwita yule mbuzi, lakini ulimi ulikuwa mzito na mbuzi akaenda zake.

Jumamosi basi lilisimama kwenye jiwe la mpaka. Somoe aliteremka na begi moja na godoro lililokunjwa kwa kamba. Alikuwa amekonda. Uwanja mzima ulimzunguka, wanamshika mikono, wanamwonyesha watoto aliowapokea jinsi walivyokua, na ilimchukua muda mrefu kuifikia kamba, kwa kuwa kila aliyemsalimia alimjibu mpaka mwisho.

Polisi akaisoma barua yake. Barua ilikuwa sahihi ila haikuwa na mhuri wa Afisa Utayari wa Jiji la Kwamtei. Bwana Mkologo akaitwa. Akasema kwa majonzi kwamba mhuri upo mezani kwake ofisini, ofisi ipo ndani, na yeye yupo nje. Mtu akapendekeza Mshamu akauchukue. Bwana Mkologo akamtazama mtu huyo kama aliyetukana. Mhuri wa serikali hautoki ofisini. Mwombaji ndiye huufuata, akiwa ana kwa ana, na kwa mwombaji kuingia lazima awe amegongewa mhuri.

Wakati huo Mshamu alikuwa amesimama ndani ya kamba, hatua mbili kutoka kwa mkewe. Alikuwa amevaa shati la Idi. Mkono mmoja umeshika cheti.

"Baba Tatu," Somoe akasema.

Mshamu akatazama pembeni. Haikuwa kwa kutaka. Shingo ilienda yenyewe, kama kule sokoni, na uso ukawa wa mtu anayepita. Watu wote waliona. Kombo aliweka kisu chini.

Somoe alimwangalia kwa muda. Alikuwa ameona wanaume wengi wakimtazama hivyo miezi yote ile, kwenye ngazi za hospitali, kwenye maduka, kwenye mlango wa chumba chenye kitanda. Akaliweka godoro chini, akainama akapitisha mkono chini ya kamba, akamshika kifundo cha mkono kama anayemtafuta mgonjwa mapigo.

"Mshamu. Nimesafiri siku moja na nusu. Hujanisalimia."

Alifungua mdomo, ukatoka upepo. Akajaribu tena. Mara ya tatu ikatoka sauti ya kukwaruza, akauliza habari za safari. Somoe akasema nzuri. Akauliza habari za Jiji, za kazi, za yule mwenzake wa kitanda, kama miguu bado inamvimba, kama amekula. Aliuliza mfululizo, na machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, na Somoe alijibu moja moja bila kumwachia mkono. Alipomaliza ya mkewe akamgeukia Kombo, akauliza ya kwake. Kombo akamjibu kwa lile jina la utani.

Mshamu akainama akapita chini ya kamba.

Polisi alimtuliza: mwenye cheti anaweza kutoka na kurudi apendavyo. Lakini Mshamu alikuwa anamtazama Bwana Mkologo, ambaye macho yake yalikuwa kwenye ile kadi. Afisa alikohoa. Aliomba kuishika kidogo tu, kuhakiki saini, ambayo ni yake.

"Chukua," Mshamu akasema. "Ukae nayo."

Bwana Mkologo aliipokea kwa mikono miwili. Alisoma maneno yaliyoandikwa, akayasoma tena kwa sauti ili polisi asikie. Polisi akakubali kwamba ndivyo yasemavyo, akainua kamba. Afisa akanyoosha tai yake, akaingia jijini. Hakuaga mtu, wala hakutazama nyuma, na wote waliokuwapo walikiri kwamba kweli alikuwa ameiva.

Jioni ile Bi Chausiku alileta sahani ya vitumbua pale Mshamu na Somoe walipokuwa wanafunga turubai. Kofia ya mwenye nyumba alikuwa nayo, anapepea nayo moto. Alitaka kusema jambo kuhusu maji. Somoe akamwambia akae kwanza, vitapoa.

Wapo hapo mpaka leo, kwenye uwanja wa mnada. Nyanya inauzwa kwa fungu. Somoe anazalisha ndani ya hema la bendera za zamani za sherehe, na watoto wote anaowapokea huandikwa katika rekodi za serikali kuwa wamezaliwa njiani kuelekea jijini. Ofisi ya Utayari iko wazi kila siku ya kazi kuanzia saa mbili. Haijapata mwombaji hata mmoja, jambo ambalo ripoti yake inalieleza kama ushahidi kwamba wananchi wameridhika.

Mwaka huu Wizara ilitoa tuzo ya jiji bora. Kwamtei ilishinda kwa mbali. Jiji halina foleni, halina uhalifu, hospitali yake haijafiwa na mgonjwa, na kodi inalipwa na wakazi wote kwa asilimia mia. Waziri hakuweza kufika, akatuma hotuba isomwe. Bwana Mkologo aliisoma jukwaani katika uwanja wa mpira, ukurasa wote, akashuka, akapanda tena kupokea kikombe.

Upepo ulikuwa unatoka upande ule. Somoe alikuwa anamwogesha mtoto wa siku mbili kwenye beseni. Akainua kichwa, akasikiliza, akauliza ni nini kile kinachosikika kama mtu anapiga makofi peke yake.

"Ni jiji," Mshamu akasema, akaendelea kutia cherehani mafuta.